Seli si Yai: Uhakiki wa Kifungu Chetu cha Ufahamu

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaojiunga na idara yetu hukutana, katika juma la nne la muhula, na kifungu cha ufahamu chenye kichwa "Seli: Kitengo cha Msingi cha Maisha". Kifungu hicho kina aya sita na maswali kumi. Tulikiandika wenyewe, walimu wawili wa idara hii, tulipoamua kwamba somo la stadi za kusoma lisiishie katika hadithi za sungura na fisi na hotuba za viongozi. Tulitaka mwanafunzi aone kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Katika makala hii tunakusudia kukihakiki kifungu hicho kama ambavyo tungehakiki kazi ya mtu mwingine yeyote, na tunasema mapema kwamba hatukukiona kuwa kizuri.

Sifa zake zipo, na haki itendeke. Neno "seli" limewekwa katika ngeli ya I-/ZI- tangu mwanzo hadi mwisho bila kuteleza. Sentensi ni fupi. Mpangilio unaeleweka: maana ya seli, historia ya ugunduzi wake, sehemu zake, aina zake, kazi zake, na aya moja ya mwisho kuhusu maradhi. Tulipokuwa tukiandika tulikuwa na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) juu ya meza, na hatukubuni istilahi ovyo. Maswali yake kumi nayo yanajibika. Hapo ndipo mashaka yetu yalipoanzia, kwa sababu yanajibika mno. Swali linauliza, "Seli ina sehemu kuu zipi?" na aya ya tatu inasema, "Seli ina sehemu kuu zifuatazo." Mwanafunzi ananyanyua sentensi, anaishusha kwenye karatasi yake, anapata alama. Kwa miaka kadhaa tumetoa alama nzuri kwa kazi ya kunyanyua na kushusha.

Muhula uliopita tuliongeza swali la kumi na moja: "Bila kutazama kifungu, chora seli jinsi ulivyoielewa, kisha eleza mchoro wako kwa sentensi tatu." Tulidhani ni swali la kupumzisha akili. Michoro iliporudi, mingi ilikuwa ya yai. Mwanafunzi mmoja alichora nyumba yenye bendera mbele yake.

Tuanze na yai, kwa kuwa kosa hilo ni letu moja kwa moja. Katika aya ya tatu tuliandika kwamba seli inafanana na yai la kuku: ganda ni ukuta wa seli, ute ni ute wa seli, na kiini ni kiini cha seli. Tuliifurahia sana tashbihi hiyo. Tuliona kwamba Kiswahili kimetupa zawadi, maana maneno yenyewe yanalingana. Yai lina ute na kiini, seli nayo ina ute na kiini. Mwalimu gani wa lugha angeiacha nafasi hiyo ipite?

Ingefaa ipite. Katika yai la kuku ambalo halijarutubishwa, kile kiini cha njano chote ni seli moja. Ni seli kubwa kupita kawaida kwa sababu imejazwa chakula cha kifaranga ambaye huenda akapatikana. Kiini cha seli hiyo, kwa maana ya biolojia, kimo ndani ya kidoa cheupe kidogo kilicho juu ya ile njano, ambacho mpishi hukiona kila siku na hakijali. Ute na ganda si sehemu za seli hata kidogo. Huongezwa baadaye, yai linapoteremka ndani ya mwili wa kuku kwa muda wa takriban siku moja kabla ya kutagwa. Kwa hiyo tashbihi yetu ilikosea katika kila sehemu iliyolinganisha. Tulimwambia mwanafunzi kwamba seli nzima ni kiini cha seli, na kwamba vifungashio vyake ndivyo mwili wake.

Kosa hili lisingetokea kwa Kiingereza wala kwa Kifaransa kwa namna hii, kwa sababu katika lugha hizo njano ya yai na kiini cha seli vina majina mawili tofauti. Kwetu jina ni moja. Kiini ni cha yai, cha mti, cha tatizo, cha atomi na cha habari. Neno lenye kazi nyingi namna hiyo lina nguvu, lakini linahitaji ulinzi, na sisi hatukulilinda. Baya zaidi, aya ya kwanza ya kifungu inasema "seli ni kiini cha uhai", ilhali aya ya tatu inasema "kila seli ina kiini". Mwanafunzi mmoja mwenye bidii aliunganisha sentensi hizo mbili akaandika kwamba ndani ya kila seli kuna seli nyingine. Tulimkata alama. Tukisoma tena jibu lake leo, tunaona alisoma kwa makini kuliko sisi tulivyoandika.

Tena si kweli kwamba kila seli ina kiini. Bakteria ni seli kamili, na hawana kiini. Seli nyekundu za damu ya binadamu hupoteza kiini chake zinapokomaa, ili zipate nafasi zaidi ya kubeba himoglobini, ile protini inayochukua oksijeni. Seli hizo ni ndogo sana. Zaidi ya 100 zikipangwa mstari mmoja ndipo hujaza milimita 1. Hata hivyo, ndizo nyingi kuliko aina nyingine zote katika mwili wetu wenye seli zipatazo trilioni 30 na zaidi. Maana yake ni kwamba sentensi yetu "kila seli ina ukuta, ute na kiini" haizihusu seli zilizo nyingi zaidi katika mwili wa anayeisoma.

Tuje kwenye huo ukuta. Seli za mimea, za kuvu na za bakteria walio wengi zina ukuta. Seli za wanyama hazina. Zina utando tu, ambao seli zote zinao. Neno "utando" halina ugeni kwa mwanafunzi: ni ule unaoganda juu ya chai ya maziwa inayopoa, ni ule wa buibui. Wengine husema "kiwambo", neno linalotokana na kuwamba ngozi juu ya ngoma. Sisi tungependelea utando kwa kuwa ni mwembamba na laini, ingawa neno hilo peke yake halionyeshi kwamba utando wa seli huchagua kipi kiingie na kipi kitoke. Hilo lazima lisemwe kwa kitenzi. Katika kifungu chetu neno "utando" limetumika mara moja, kwenye mabano, kama kisawe cha "ukuta". Visawe ni ugonjwa wetu walimu wa lugha. Tumefundishwa kwamba kurudia neno ni umaskini wa mtindo, basi tunabadilisha neno ili kupamba sentensi, na katika sayansi kubadilisha neno ni kubadilisha kitu.

Historia ya neno lenyewe inaeleza kwa nini ukuta umetuganda. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alitazama kwa hadubini kipande chembamba cha gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa. Akaona vitundu vingi vilivyopangana, akaviita kwa neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Gamba lile lilikuwa limekufa. Alichokiona ni kuta za vyumba ambavyo wenyeji wake walikwisha kuondoka. Kifungu chetu kinasema kwamba Hooke "aligundua seli hai", jambo ambalo halikutokea. Vijiumbe hai vya seli moja vilionwa na Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi katika miaka ya 1670. Kauli kwamba mimea yote imejengwa kwa seli ilitolewa na Matthias Schleiden mwaka 1838, na Theodor Schwann akaieneza hadi kwa wanyama mwaka 1839. Mwaka 1855 Rudolf Virchow alishikilia kwamba kila seli hutokana na seli nyingine iliyokuwapo kabla. Sisi tulikata historia hii ya karibu miaka 200 ikawa sentensi moja yenye jina moja, na jina hilo tukalipa kazi ya watu wanne.

Kuhusu kauli ya Virchow, tuliandika kwamba "seli hugawanyika" tukaishia hapo. Msomaji anayejua kugawanya mkate anajua pia kwamba kila kipande huwa kidogo kuliko mkate. Ilitupasa kusema kwamba seli hukua kwanza, hunakili vinasaba vyake, ndipo inapogawanyika na kuwa mbili zilizo kamili.

Sasa tumrudie mwanafunzi aliyechora nyumba yenye bendera. Tulimwita tukamwuliza. Alijibu kwa adabu kwamba aliyoichora ni ofisi ya seli, maana seli ni kitengo cha msingi, na kwao kitengo hicho kina ofisi na katibu. Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka kwa muda mrefu. Hapa Rwanda ngazi ya utawala iliyo chini ya umurenge huitwa akagari, na maandishi ya serikali kwa Kiingereza huifasiri kwa neno lilelile la biolojia. Wanafunzi wetu wanapozungumza Kiswahili husema "seli" kwa maana hiyo bila kusitasita. Ongezea neno "kitengo", ambalo kila mtu amelisoma juu ya milango ya ofisi, na kijana yule alikuwa na kila sababu ya kuchora bendera. Jirani zetu wa Tanzania waliepa mtego huu katika siasa: kundi la nyumba kumi ambalo kwa Kiingereza liliitwa seli, wao waliliita shina, na kiongozi wake akawa mjumbe wa shina au balozi wa nyumba kumi. Isitoshe, wenzao waliosoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili tangu 1967 hukutana na seli darasani wakiwa wadogo, katika somo la seli. Kwetu sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Kifungu chetu huenda ndicho mahali pekee ambapo mwanafunzi huyu atasoma biolojia kwa Kiswahili maishani mwake. Hilo linaongeza uzito wa makosa yake.

Na hilo neno "maisha" katika kichwa cha habari? Tulilichukua kutoka lugha nyingine bila kulipima. Maisha ni yale tunayoishi: yana ugumu, yana gharama, yana safari. Kinachotofautisha jiwe na jani ni uhai. Wanafunzi wetu huchanganya maneno haya kwa sababu ubuzima wa Kinyarwanda hujumuisha uhai na afya, na sisi badala ya kuwatenganishia tuliyachanganya kwa herufi kubwa juu ya ukurasa.

Tumejadiliana sana idarani kuhusu neno la kuweka mahali pa "kitengo". Mmoja wetu alipendekeza "kizio". Kizio tayari ni nusu ya nazi, ni nusu ya dunia, na ni kipimo kama mita. Mwingine alipendekeza "kipashio", ambalo sisi wa isimu tunalipenda kwa sababu ya fonimu na mofimu, lakini nje ya chumba cha mihadhara halina mwenyeji. Rai yetu ni kwamba tuliache jina tutafute kitenzi. Seli ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe inayoweza kuishi: inajilisha, inatoa taka, inakua na kuzalisha nyingine. Hapo hakuna kitengo, kizio wala kipashio, na hakuna aliyekosa kitu.

Kinyarwanda kina neno lake, akaremangingo, na wingi wake uturemangingo. Ndani yake mna kurema, yaani kuumba, na ingingo, yaani viungo. Ni kile kidogo kinachoumba viungo. Neno hili ni daraja zuri darasani na tunashangaa kwamba hatukulitumia. Hata hivyo nalo lina kikomo: amiba ni seli moja tu, haina kiungo chochote cha kuumbiwa, na bado iko hai.

Yote tuliyoyasema hadi hapa yangeweza kubaki mzozo wa walimu kama si habari tuliyoletewa na aliyekuwa mwanafunzi wetu. Hufanya ukalimani katika kituo cha afya ambacho hatutakitaja, na wengi wa anaowahudumia ni familia zilizotoka Kivu, zinazozungumza Kiswahili. Siku moja alimfasiria mama mmoja maelezo ya daktari kuhusu mtoto wake mwenye selimundu. Alikumbuka kifungu chetu, ambacho katika aya ya mwisho kiliacha "seli" kikasema "chembechembe za damu", kwa ajili ya ule ule upambaji wa visawe. Akamwambia mama kwamba chembechembe za damu ya mtoto zina kasoro. Mama akasikiliza, akauliza ni dawa gani ya kusafisha damu itakayoziondoa.

Swali la mama lilikuwa la busara kabisa. Chembe ni kipande kidogo cha kitu: ya mchanga, ya nafaka. Tunasema mtu hana hata chembe ya haya. Chembechembe ndani ya kitu kinachotiririka ni uchafu, kama mchanga katika wali au vumbi katika maji. Mwenye akili huziondoa. Mkalimani wetu alijua kwamba amepotea njia lakini hakuwa na neno jingine, kwa kuwa hakupewa. Tulipomwuliza alieleza nini baada ya hapo, alisema, "Mwalimu, nilirudia sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi."

Aliyostahili kuambiwa mama yule yanasemeka kwa Kiswahili cha kawaida. Damu imejaa seli nyekundu, nazo ni hai, zina kazi ya kubeba hewa tunayovuta. Kwa kawaida ni za mviringo, zimebonyea katikati, na kila moja hudumu siku 120 hivi. Za mtoto huyu, zikipungukiwa oksijeni, hupinda kama mundu, hukwama katika mishipa midogo na kumletea maumivu, na hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu yake hupungua. Hakuna uchafu wa kuondoa. Seli zenyewe ndizo zinazotengenezwa hivyo, kwa sababu amerithi hali hiyo kutoka kwa baba na mama pamoja, wala si kosa la mmoja wao. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Jambo hili la mwisho mama alikuwa na haki ya kulijua kuliko mengine yote, na halikumfikia, kwa sababu mazungumzo yaliishia katika kusafisha damu.

Kwa wanaotaka kujua, ubebaji huo una faida yake. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kuchunguza damu za watu wa Afrika Mashariki, alionyesha mwaka 1954 kwamba mbebaji wa selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Kifungu kinachotafuta mfano wa karibu na msomaji kingeanzia hapo, kikaachana na yai.

Kuhusu "selimundu" lenyewe, tunalisifu: ni fupi, linatamkika, na linaonyesha umbo. Tatizo ni dogo. Mundu haujulikani sana na vijana wetu, ambao chombo kilichopinda wanachokifahamu vijijini ni umuhoro, na mwanafunzi mmoja aliyesoma Kenya alikumbusha darasa kwamba katika Kikuyu mundu ni mtu. Mchoro mmoja ubaoni unatosha kumaliza hayo.

Mwenzetu mmoja ametupinga, na hoja yake ni nzito. Anasema sisi ni walimu wa lugha. Kazi yetu ni msamiati, sarufi na ufahamu, na usahihi wa biolojia ni wa walimu wa biolojia. Tukianza kupima kila kifungu kwa hadubini hatutamaliza muhtasari. Tunamjibu kwamba neno "ufahamu" lipo katika jina la zoezi. Mwanafunzi aliyejibu maswali kumi sawasawa akachora yai hakufahamu, na zoezi letu halikuwa na njia ya kuligundua hilo. Hata hivyo tunampa haki yake kwa sehemu: hatukuhitaji digrii ya biolojia. Tulihitaji kutembea hadi jengo la pili, kumpa mwalimu wa biolojia kurasa zetu mbili, na kumwuliza mwanafunzi mmoja achore. Hatukufanya hivyo kwa sababu Kiswahili cha kifungu kilikuwa kizuri.

Kifungu kipya sasa kina aya nne. Neno "seli" halibadilishwi mahali popote. "Kiini" ni cha seli tu, na kwa yai tunasema njano. Kila penye "ukuta" imesemwa ni wa mmea, wa kuvu au wa bakteria. Kimesomwa na mwalimu wa biolojia, ambaye alitufutia sentensi moja tuliyoipenda. Maswali ni matano, na mawili kati yake hayawezi kujibiwa kwa kunyanyua. Moja linauliza kama virusi ni seli, suala ambalo wanafunzi wamekuwa wakilileta wenyewe tangu mwaka 2020 wa korona. Jibu ni hapana, maana kirusi hakina uwezo wa kuishi peke yake wala wa kujizalisha bila kuingia katika seli ya kiumbe kingine. Jingine linamtaka mwanafunzi amweleze mama asiyesoma, kwa sentensi sita, ugonjwa wa mtoto wake. Hatujakubaliana bado swali hilo lipewe alama ngapi.

Nakala za kifungu cha zamani zingali katika rafu ya chumba cha walimu, karibu na dirisha. Tunawaomba wenzetu wasizigawe. Upande wa nyuma ni mweupe na unafaa kwa michoro ya wanafunzi.